Miaka Thelathini na Mmoja ya Vibanio Vyekundu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi kamili za jioni, msimamizi wa masijala ya shirika letu la kupambana na saratani atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Saa kumi kamili tumeitaja kwa makusudi. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuondoka saa kumi kamili hata siku moja, na kamati ya sherehe imeazimia kwamba safari hii atatoka, hata kama ni kwa kubebwa pamoja na kiti chake.

Kwenye barua za ofisi ana jina refu la heshima. Sisi tunamwita Bi Vibanio, na mgeni akifika mapokezi akiulizia lile jina refu, huwa tunatazamana kwanza. Aliyembatiza jina hilo ni dereva wetu, mtu asiyeweza kukaa na watu siku mbili bila kuwapa majina. Safari hii alipatia.

Hakuja kwetu kwa wito. Hilo hupenda kulisema mbele ya wafadhili, na kila akilisema mkurugenzi hukohoa. Alikuwa mpiga chapa mwenye watoto wawili wa shule, akitafuta kazi iliyo karibu na geti la shule hiyo, na ofisi ya karibu kuliko zote ilikuwa yetu: vyumba viwili juu ya duka la rangi, ambamo ukimaliza kupanda ngazi tayari kichwa kinakugonga kwa harufu ya tapentaini. Tulikuwa na wafanyakazi watano, taipureta moja, kitanda kimoja cha uchunguzi nyuma ya pazia, na kadi za wanawake waliopimwa saratani ya mlango wa kizazi, zimepangwa kwenye maboksi ya viatu.

Kipimo chenyewe si kirefu. Muuguzi hupaka siki, husubiri dakika moja, kisha huangalia kama pametokea weupe. Wengi huvaa wakaenda zao. Wale wenye weupe, zamani zile, waliambiwa warudi baada ya wiki mbili ili sehemu ile igandishwe kabla haijageuka kuwa saratani. Kadi zao zilirudishwa kwenye boksi pamoja na za wenzao, bega kwa bega, bila tofauti.

Wiki yake ya tatu kazini, mpiga chapa mpya alimuuliza muuguzi mkuu: hawa waliotakiwa kurudi tunawajuaje? Muuguzi mkuu akamjibu, kwa nia njema kabisa, kwamba wakirudi tutawajua.  Kesho yake mpiga chapa alikuja na vibanio vya nguo dazeni mbili, vyekundu, vya kwake mwenyewe kutoka nyumbani, akakaa chini na maboksi yale siku nzima. Jioni vibanio vilikuwa vimekwisha na kadi za kubana bado zilikuwepo.

Utaratibu ulikuwa huo, na ndio uliopo mpaka leo. Mwanamke anayetakiwa kurudi, kadi yake inabanwa kichwani kwa kibanio chekundu. Akitibiwa, kibanio kinatoka. Hakitoki kwa sababu ameahidi kuja, wala kwa sababu jirani yake amesema alimwona akija. Kinatoka akishatibiwa. Kila Ijumaa mchana vibanio vinahesabiwa na nambari inaandikwa kwa chaki ubaoni, karibu na mlango, mahali ambapo hata anayekwenda chooni lazima aione. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma na mtani wetu mkubwa, anasema kwamba tangu mwaka ule nyumbani kwao nguo zinaanikwa kwa imani tu, na kwamba shati lake jeupe la harusi ya mdogo wake liliondoka na upepo na halijaonekana tena.

Hakukaa na maboksi tu. Nambari ya ubaoni ilipogoma kushuka, aliomba kutoka ofisini akawafundishe watu. Alifundisha saluni, wanawake wakiwa wamefungwa taulo kichwani hawana pa kukimbilia. Alifundisha kiwanda cha sabuni saa ya chakula, na mikutano ya wazazi shuleni, akisimama kati ya hotuba ya mwalimu mkuu na ripoti ya vyoo. Alikwenda mpaka kwa vinyozi, akawafundisha wanaume wakiwa wametulia chini ya wembe, kwani alikuwa ameshagundua kwamba kadi nyingi zilikwama kwa sababu mume hakuelewa mke anarudi kutibiwa nini.

Ule msemo wa kinga na tiba, uliopakwa kwenye kuta za kila zahanati, aliupiga marufuku kwenye mabango yetu. Alisema kila mtu anaujua na haujawahi kumwinua mtu kwenye kiti. Bango lake la kwanza lilikuwa na maneno haya tu: njoo na shoga yako, dakika kumi, mwanamke anakupima mwanamke mwenzako. Wakaja wawili wawili mpaka tukaazima viti vya duka la rangi.

Kipaza sauti hakukipenda kamwe, na chanzo chake kinajulikana. Siku moja gari letu la matangazo lilisimama katikati ya soko, naye akaanza kumsuta dereva kwa kuegesha kwenye mteremko bila kuvuta breki ya mkono. Alimpa somo refu lenye mifano, likamgusa hadi shemeji yake dereva aliyewahi kuangusha tanki la maji. Hakujua kwamba kipaza sauti kilikuwa kimeshawashwa. Soko zima lilisikiliza kwa heshima, na alipomaliza wakapiga makofi. Siku ile tulipima wanawake sitini na wanne, rekodi iliyodumu miaka mitano. Dereva anadai nusu ya sifa, nasi tunamwachia.

Katika mwaka wake wa tisa lilitokea jambo ambalo wasifu wa heshima ungelipita kimyakimya. Bi Vibanio mwenyewe ameagiza liandikwe.

Tulikuwa tunatarajia ugeni mkubwa, na mapazia ya ofisi yote yakafuliwa. Mhudumu wa usafi, mama wa watoto wawili aliyekuwa na mwezi mmoja kazini, aliyaanika nyuma ya jengo, upepo ukawa unamwangushia kila anapogeuka. Akakumbuka kwamba masijala kuna vibanio vizuri vyekundu vinang'ata makaratasi bila kazi yoyote ya maana. Akaenda akavikusanya vyote. Tena alizipanga kadi vizuri na kufuta vumbi juu ya maboksi. Mapazia yalikauka yakanyooka, na mhudumu akaenda nyumbani akijisifu.

Asubuhi iliyofuata Bi Vibanio alifungua mlango, akaona maboksi safi, akaketi. Hakuvua hata mkoba begani. Kisha akainua macho akatazama ubaoni, ambapo Ijumaa iliyopita alikuwa ameandika thelathini na moja. Kwa hiyo ilijulikana ni wanawake wangapi wa kutafutwa. Kilichokuwa hakijulikani ni wepi, ndani ya kadi elfu nne na mia sita.

Tulisoma kadi siku tisa. Alisoma mkurugenzi, akasoma dereva, wakasoma wauguzi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Tukapata thelathini. Wa thelathini na moja hakuonekana. Wengi walianza kusema labda hesabu ilikosewa, lakini Bi Vibanio hakukubali, kwa sababu aliyehesabu ni yeye. Aliendelea kupitia maboksi peke yake kila saa ya chakula, kadi moja moja, na baada ya miezi kumi na moja akakuta kadi mbili zilizogandamana kwa chai iliyomwagika. Ya nyuma ilikuwa ya mpishi wa shule, mama wa mtoto mmoja.

Alipofikiwa, jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika kumi lilikuwa limeshakuwa saratani. Ilibidi afanyiwe upasuaji mkubwa, akalala wiki sita, na hakuzaa tena. Amepona. Leo amekaa safu ya pili, ameridhia kuandikwa humu, na amewahi kutuambia kwamba amesamehe lakini hajasahau, wala hataki tusahau. Hatujasahau. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule aliujenga yeye kwa mwili wake kwa ufa tuliouacha sisi.

Mkurugenzi wa wakati ule alitaka mhudumu afukuzwe. Bi Vibanio alisimama katika kikao akasema kama ni kufukuza, aanzwe yeye, kwa sababu alitundika maisha ya watu kwenye kibanio cha nguo kisha hakumwambia mfagiaji kibanio kile ni nini. Jumatatu iliyofuata watumishi wote, pamoja na mlinzi wa getini, walikalishwa masijala wakafundishwa maana ya kibanio. Tangu hapo kila mwajiriwa mpya hupitia somo hilo kabla hajaonyeshwa chai iko wapi. Mhudumu yeye alifundishwa zaidi. Alifundishwa kusoma kadi, kuandika kadi, kumfuata mwanamke hadi mlangoni kwake bila kumtia aibu mbele ya wakwe. Alirudishwa shule ya jioni, akapimwa yeye mwenyewe pia, na mwalimu wake hakumkumbusha yale mapazia ila siku za furaha.

Mhudumu huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Kuanzia Jumatatu ijayo masijala ni yake, jambo ambalo dereva anasema ni sawa na kumkabidhi mbuzi bustani.

Sifa kubwa ya Bi Vibanio, ambayo imeandikwa kwenye vitabu vya watu wenye miwani minene, ilitokana na tabia yake ya kuandika pembezoni. Kila alipomfuata mwanamke asiyerudi, alimuuliza sababu na kuiandika kwa penseli ukingoni mwa kadi, kwa maneno yaleyale aliyoambiwa. Watafiti wawili kutoka chuo kikuu walipokuja kuchunguza kwa nini wanawake hawarudi, walikuwa wameandaa dodoso la kurasa kumi na nne. Alilitazama, akawasukumia maboksi. Wakaanza kusoma sababu zile, kadi baada ya kadi: Alirudi, muuguzi alikuwa semina. Alirudi, ilikuwa sikukuu. Aliambiwa Jumatano, kiwandani Jumatano hawatoi ruhusa. Alisubiri hadi saa nane, akaenda kumchukua mtoto shule.

Watafiti walihesabu kadi mia nane na kumi na mbili, na zaidi ya nusu ya sababu hazikuwa za wanawake, zilikuwa zetu. Miaka yote tulikuwa tukiwahubiria wasiogope, kumbe wengi hawakuogopa kitu, walirudi wakatukosa. Bodi ilisomewa kadi zile kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka mwenyekiti akasema inatosha. Mwaka uleule tukaanza kumpima na kumtibu mwanamke siku hiyohiyo, kabla hajavaa viatu. Zamani kati ya wanawake kumi waliohitaji tiba, wanne walipotea. Sasa hapotei hata mmoja kati ya kumi. Mashirika mengine yalikuja kuiga, na ripoti ile ilipozinduliwa jina la mpiga chapa wetu liliandikwa pamoja na majina ya wasomi. Tulijivuna mtaa mzima, na keki tulikata sisi.

Leo tuna jengo letu, wauguzi tisa, magari mawili ya uchunguzi, na kadi zaidi ya elfu hamsini ndani ya kompyuta. Kompyuta hakuipinga. Alijifunza akiwa na miaka hamsini na moja na kuwashinda vijana kwa kasi ya vidole. Lakini vibanio havikuondoka. Alisema kompyuta ukiizima inanyamaza, na kibanio hata ukitoka chumbani unajua bado kinakutazama. Mitambo ilipokufa siku nne mwaka juzi, hatukupoteza mwanamke hata mmoja, na kijana wa mitambo alionekana akinunua vibanio.

Sasa tuje mwezi huu, kwa sababu sherehe hii ilikaribia kuahirishwa.

Tarehe mosi alimkabidhi mrithi wake funguo, chaki na maboksi. Siku hiyo vibanio vilikuwa kumi na vinne, vya wanawake ambao hawakuweza kutibiwa siku ileile ya kipimo. Vipya vitakavyokuja, alisema, ni vya mrithi. Hivi kumi na vinne amevibana yeye, na yeye hataki kuacha kadi aliyoibana akaenda nyumbani kukaa. Bandu bandu huisha gogo: wiki ya kwanza vikabaki tisa, ya pili vinne, ya tatu kimoja. Kimoja hicho kikakaa.

Kilikuwa cha fundi cherehani mmoja mwenye duka nyuma ya kituo cha polisi. Weupe wake ulikuwa mkubwa kuliko wa kutibiwa kwetu, na alitakiwa aende hospitali kuu akatolewe sehemu ile kwa kifaa maalumu, kazi ya nusu saa. Alikataa. Dada yake mkubwa aliingia hospitali ileile akitembea na akatoka amebebwa mabegani, na fundi aliapa kwamba mlango ule hataupita. Alifuatwa mara nne kwa upole, na mara ya nne alifunga duka mapema. Daktari alituonya kwamba miezi sita zaidi huenda ikawa mingi mno. (Fundi ametupa ruhusa ya kuyaandika haya yote, kwa sharti kwamba tuongeze kuwa anashona sare za shule na hachelewi.)

Mara ya tano Bi Vibanio hakwenda na kadi. Alikwenda na kitambaa cha kijani cha gauni la kustaafu. Fundi alimtazama kwa mashaka, lakini mteja ni mteja, akampima. Gauni lilikuwa tayari kwa siku nne. Bi Vibanio akalijaribu, akajigeuza kwenye kioo, akasema mkono wa kushoto unabana kidogo. Ukaachiwa. Akarudi kesho yake, akasema sasa umelegea. Ukapunguzwa. Ukawa mrefu, ukawa mfupi, bega likawa linapanda. Kila alipokuja alikaa kwenye kigoda karibu na pasi wakaongea ya dunia: wajukuu, magoti, bei ya uzi, na hatimaye yule dada. Fundi alimweleza dada yake alikuwa mtu wa namna gani, alivyocheka, na jinsi alivyokaa miaka mitatu na maumivu akisema yatapita, mpaka alipopelekwa hospitali hapakuwa na la kufanya.  Bi Vibanio alisema tu mkono bado haujakaa vizuri, atarudi Jumatatu.

Jumatatu hii, kwa mara ya saba, fundi alipima ule mkono, akaupima tena, akaiweka tepu mezani. Alimwambia, na maneno haya tumepewa na wote wawili bila tofauti: "Dada, mkono wako hauna kasoro na wewe unajua. Dada yangu alichelewa, mimi bado. Basi nipeleke huko unakotaka kunipeleka, nikirudi nimalize gauni uniondokee hapa dukani."

Akaufungua mkono uliokuwa umeshonwa ili aurudishe kama alivyoukata siku ya kwanza, akaushikiza kwa uzi mweupe, akauacha hivyo. Jumanne saa mbili asubuhi walikwenda pamoja kwa gari la ofisi. Dereva anaapa hakugusa kipaza sauti. Walipita mlango ule wakiwa wameshikana mikono, na walitoka kwa miguu yao, wote wawili, kabla ya saa sita. Daktari alisema haikuwa imefika kwenye saratani. Ilikuwa njiani.

Alasiri Bi Vibanio aliingia masijala, akakitoa kibanio mwenyewe, akasimama nacho mkononi. Halafu akalia, tukalia naye, na mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna msiba gani. Kibanio hicho ndicho pekee tulichomruhusu kuondoka nacho. Tunajua bado tunadaiwa ishirini na vitatu na mume wake, na tunamwomba aendelee kutuvumilia.

Bi Vibanio, kwa niaba ya wanawake ambao wako nyumbani leo wakipika, wakigombana na watoto bila kujua kwamba jina lao liliwahi kukunyima usingizi, ahsante. Kwa niaba ya mhudumu aliyekuvunjia kazi ya miaka tisa ili akaushe mapazia, ukampa kazi ya maisha, ahsante tena, na hii haina mwisho. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, wajukuu wasumbufu, na kamba iliyojaa nguo zisizoruka. Kadi yako ya kipimo tunayo. Ukipitisha tarehe hata siku moja, tutakuja kugonga, na unajua tumefundishwa na nani.

Na ninyi mliomo ukumbini, atakaponyoosha mkono wa kushoto kupokea zawadi mtaona nyuzi nyeupe zimeachwa begani, na upindo wa mkono huo haujashonwa. Mafundi watatu walijitolea kulimalizia gauni hilo, akawakatalia wote. Msimcheke. Fundi wake ameambiwa apumzike wiki mbili, na atalimaliza mwenyewe.